Dalali wa Nani?

Kwenye ukuta wa nyumba moja pale Tabata, mkabala na duka la dawa, pameandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni wa Dar es Salaam akipita hapo hushangaa. Mtu haandiki kwenye shati lake kwamba haliuzwi. Nyumba imekosa nini hata ijitetee hivyo? Mwenyeji haulizi. Anajua kwamba ukuta haukuanza kusema, umejibu. Kuna mtu aliwahi kuwaleta watu pale, akawatembeza vyumbani, akapokea kianzio, na mtu huyo hakuwa mwenye nyumba. Huenda mwenyewe alikuwa kazini mkoani, au amelazwa, au amefariki na watoto wanavutana. Kopo la rangi ni shilingi elfu chache. Kesi ya ardhi ni miaka.

Nililipita tangazo hilo kwa miezi minne, nikitafuta nyumba ya kununua bila kumtumia dalali. Kwa kuwa ugonjwa wangu ni maneno, nilianza kulipenda. Haiuzwi. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, mtendaji kafichwa, na ukitaka kumtaja unapata shida: haiuzwi na nani? Haiuzwi na yeyote, pamoja na wewe unayesoma na simu mkononi. Halafu tazama silabi. Haiuzwi ni marufuku. Haijauzwa ni mwaliko; fundi rangi akichomeka “ja” moja na kugeuza irabu ya mwisho, mlango utagongwa tangu alfajiri.

Sababu ya kumkwepa dalali ilikuwa hesabu. Kwenye nyumba ya kupanga, dalali hula kodi ya mwezi mmoja, na mji mzima umelizoea hilo. Kuna pia hela ya kuonyeshwa, inayotoka mfukoni kabla hujavuka kizingiti, upende nyumba usipende. Kwenye nyumba ya kununua husemwa asilimia 5, au 10 ukizubaa, na juu ya hapo kipo kile wanachokiita cha juu. Mwenye nyumba anataka milioni 80, dalali anakutajia 95, zile 15 zinazoelea katikati ni zake, nawe hutazijua kwa sababu wewe na mwenye nyumba hamkuachwa peke yenu hata dakika moja. Cha juu! A-unganifu imesimama bila nomino. Cha juu nini: kiasi, kipande, kifungu? Kiswahili cha mjini ni hodari wa kutaja kitu nusu ili nusu nyingine isishikike. Ya chai, ya soda, ya vocha. Ukimuuliza mtu ni nini hasa hiyo “ya”, unaonekana huna malezi.

Lakini nilipoanza kutembea peke yangu nikaona kwamba jina lenyewe la mtu niliyemkwepa sijawahi kulikalia nikalitazama.

Dalali ametufikia kutoka Kiarabu, dallal, na mzizi wake ni wa kuonyesha, kuelekeza njia. Ni mzizi uleule uliotupa dalili. Wingu ni dalili ya mvua. Dalali, kwa asili yake, ni mtu wa kuonyesha kitu kilipo. Hana hatia yoyote ndani ya mzizi. Kama ipo, aliichuma safarini. Wahindi nao walilichukua neno hilohilo: huko Mumbai mtaa wa soko la hisa unaitwa Dalal Street, na wanaofanya kazi hapo wanavaa tai, ila katika Kihindi cha mitaani ukimwita mtu dalal unaweza kupigwa, kwa kuwa neno hilo humwita pia kuwadi. Kwetu pwani dalali alikuwa kwanza mtu wa mnada, anayepita na bidhaa akiinadi, bei ikipanda mdomoni mwake. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lililofungwa mwaka 1873, lilikuwa na madalali wake pia, wakiwatembeza binadamu mbele ya wanunuzi. Neno likipita mahali kama pale halitoki safi. Pale Feri, dalali wa samaki hadi leo anamnadi nguru mbele ya kundi la wachuuzi kwa kasi ambayo mgeni huambulia tarakimu ya mwisho tu. Mahakama nazo zina dalali wa mahakama, yule anayekuja na gari kukamata mali ya mdaiwa na kuipiga mnada. Kwa hiyo dalali mmoja anakuingiza nyumbani na dalali mwingine anakutoa, na kamusi haioni ajabu.

Wenzetu wa Nairobi wana broka. Goma na Bukavu humwita komisioneri, na jina hilo naliona kweli kuliko yote, kwa sababu linamtaja mtu kwa anacholipwa. Ofisi zenye viyoyozi za hapa mjini zimeanza kujiita wakala wa majengo. Wakala ni neno la ukoo mkubwa: wakala, wakili, mwakilishi na tawakali ni watoto wa mzizi mmoja, wa kumwachia mwingine jambo lako. Wakili unamwachia kesi, mwakilishi unamwachia kura, na yaliyobaki unamwachia Mungu, hiyo ndiyo tawakali. Siku hizi wakala ni kibanda chenye mwavuli unapotolea pesa za simu. Mimi niliyetafuta nyumba bila wakala nilibaki na tawakali, na simshauri mtu kuitumia peke yake.

Kuna jambo la sarufi ambalo sikuliona mpaka viatu vilipoanza kuisha. Sikuwahi kumsikia mtu akisema “dalali wangu”. Watu husema dalali wa Sinza, dalali wa Kimara, dalali wa pale kwenye mwembe. Dalali ni wa mahali. Wa Segerea akikupeleka Kinyerezi lazima ampigie simu wa Kinyerezi, na hapo cha juu kinazaa. Lakini wakili wangu husemwa. Fundi wangu husemwa hata kama fundi mwenyewe hapokei simu. Marekani mnunuzi huwa na wakala wake na muuzaji huwa na wake, wawili wanaovutana, na tangu Agosti 2024 mawakala wengi wa huko hutakiwa kutiliana saini makubaliano na mnunuzi kabla ya kumtembeza kwenye nyumba. Jaribu kulieleza hilo kwa Kiswahili cha kijiweni. Dalali wako mwenyewe? Wako kivipi, na anakula kwa muuzaji?

Ajabu ni kwamba lugha yetu haikukosa mtu wa namna hiyo. Ilimpangia kazi nyingine. Kijana akitaka kuoa, hata awe na ulimi wa asali, haendi mwenyewe. Anamtuma mshenga. Mshenga anajua salamu za kuingilia, anajua wakati wa kunyamaza, anajua kwamba “tumeona ua zuri bustanini kwenu” hakuhusiani na kilimo. Anaishusha mahari mpaka baba wa binti anaona aibu kuikataa. Hakuna atakayemshuku kwamba anatumikia kule, maana jina lake limeshaamua amesimama upande gani. Kwa posa tuna mtu mwenye jina. Kwa nyumba, ambayo wengi wetu hununua mara moja kwa fedha ya nusu ya umri, hatuna. Nililijaribu neno kwa sauti nikiwa sebuleni: mshenga wa nyumba. Mke wangu alicheka mpaka akaketi. “Utaupelekea ukuta barua ya posa?”

Basi nikawa mshenga wa nafsi yangu, nikaanza na kujifunza lugha ya ukweni.

Inaandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye vibao vinavyopigiliwa juu ya nguzo za umeme, na siku hizi zaidi kwenye magrupu ya WhatsApp. “Bei milioni 85, maongezi yapo.” Naomba wasomi wa lugha waikalie sentensi hiyo. Hamna mtu ndani yake. Haisemi nitapunguza, haisemi tutaongea. Inasema maongezi yapo, kama maji yalivyo kisimani, wewe njoo na ndoo yako. “Maongezi yapo kidogo” maana yake kisima kinakaribia kukauka. “Dakika 5 kutoka lami” ni dakika za bodaboda, usiku, bila mvua. “Mwenye mali ana shida ya haraka” unaandikiwa ili haraka ihamie kwako.

Chumba masta unakijua. Boma je? Mtu aliyejifunza Kiswahili vitabuni akisoma “boma linauzwa Chanika” atadhani Wajerumani wameacha ngome. Neno hilo lilikuwa zizi na uzio, likawa ngome, likawa ofisi ya mkuu wa wilaya, na kwenye matangazo ya Dar es Salaam limekuwa nyumba iliyosimama kuta na haijapauliwa. Ndugu yake ni pagale: kuta zilezile, ila majani yameota sebuleni na mbuzi wa jirani wana vyumba vyao. Muuzaji haandiki pagale. Mpita njia ndiye anayelitamka.

Na “20 kwa 20”. Ishirini ya nini? Nilikuwa nikidhani ni mita mpaka siku moja nikamuuliza muuzaji, akanijibu bila kupepesa: “Hatua, mkuu.” Hatua za nani? Akaanza kunipimia, na nikaona kwa macho yangu jinsi hatua za binadamu zinavyofupika kadiri anavyoukaribia mpaka.

Neno lililonitesa kuliko yote ni hati. Kiarabu khatt ni mstari, ni mwandiko. Ndiyo maana tuna hati ya mkono na hatimkato. Maandishi yoyote ni hati, na wauzaji wanalijua hilo kuliko wanaisimu. “Nyumba ina hati?” “Ina hati, mkuu, hati safi.” Unaletewa karatasi ya daftari iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa mwaka 1998, inayosema fulani amemuuzia fulani mbele ya fulani. Hakudanganya. Ni hati. Ni hati ya mauziano, na kwa maeneo mengi yasiyopimwa ndiyo peke yake iliyopo. Ila hati miliki, ile iliyosajiliwa kwa msajili wa hati, ni kitu kingine, na lugha imewaacha wote wawili waitwe kwa jina moja la utotoni.

Katikati yao yupo ofa. Jina lake rasmi ni barua ya toleo, na sijakutana na mtu aliyelitamka bila kusoma mahali. Ofa kwenye baa ni bia unayonunuliwa. Ofa dukani ni punguzo. Ofa ardhini ni barua ya kukuambia kwamba umepewa kiwanja ukitimiza masharti haya na yale. Wapo watu waliopewa ofa wakiwa vijana na sasa wana wajukuu, wala hawakwenda kuigeuza hati miliki. Wameishi miaka yote juu ya ahadi. Tangazo la kwanza la “nyumba ya ofa” nililifukuzia mbio nikidhani imeshushwa bei. Yupo pia leseni ya makazi, karatasi ya waliojenga kwenye maeneo yasiyopangwa, yenye umri wa miaka michache na kuhuishwa, kama ya gari.

Tuseme umeipata hati miliki yenyewe. Umenunua nini? Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mwananchi hupewa haki ya kuikalia kwa muda, na miaka iliyozoeleka kwenye hati za mijini ni 33, 66 na 99. Kumiliki kumetoka kwenye mzizi wa ufalme, mzizi mmoja na mamlaka, na tumemvika taji hilo mtu ambaye kwa hesabu ya sheria amenunua muda. Silalamiki. Naona tu kwamba swali la kwanza lingepaswa kuwa “imebaki miaka mingapi?” na katika miezi minne sikulisikia likiulizwa hata mara moja.

Mombasa neno nyumba lina unyoofu ambao sisi tumeupoteza. Katika mitaa kama Majengo na Kisauni wapo watu wengi wenye nyumba bila ardhi: kuta ni zako, paa ni lako, milango uliichonga wewe, na chini yake ni pa mwingine unayemlipa kodi ya kiwanja. Nyumba huuzwa, na kila aliyepo barazani anajua kwamba ardhi haimo kwenye maneno wala kwenye bei. Ng'ambo ya Unguja palikuwa hivyo pia. Mwaka 1928 watu wa huko waligoma kulipa kodi ya viwanja, wakiona kwamba mwenye kuta ndiye mwenye mahali. Tangu nilipolielewa hilo, nikisikia mtu anasema “nauza nyumba” namuuliza anauza na chini yake?

Msajili wa hati ana huduma inayoitwa upekuzi. Neno la kuku. Kuku hupekua jalalani, kwa makucha, akirudi nyuma hatua moja kutazama kilichofukuka, na sidhani kuna tafsiri bora zaidi ya kazi ile. Unapeleka namba ya hati, unalipa ada, unaambiwa jina lililoandikwa ni la nani, kama kuna zuio, kama kuna rehani. Nyumba ya pili niliyoipenda, yenye varanda pana na mnazi wa kizamani, niliipekua. Muuzaji alikuwa ameniambia kwa utulivu kwamba hati iko benki kwa usalama. Ilikuwa benki kweli. Iliwekwa rehani, na mkopo ulikuwa haujalipwa. “Kwa usalama” ni kanzu nzuri. Inategemea usalama wa nani.

Nyumba ya tatu iliangushwa na neno hifadhi. Hifadhi ni kulinda, ni kuweka moyoni. Anayehifadhi Kurani ameilinda kifuani, na Serengeti ni hifadhi ili simba asisumbuliwe. Hifadhi ya barabara ni kitu kingine. Waulize waliokuwa na nyumba kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, mwaka 2017: ulinzi uliokusudiwa ni wa barabara, na nyumba iliyokutwa ndani yake ilipigwa alama ya X nyekundu kisha ikabomolewa. Rangi ileile ya haiuzwi.

Nyumba niliyoinunua nilielekezwa na mama anayeniuzia chapati. Nilikuwa simuulizi habari za nyumba. Nilikuwa namlalamikia miguu. “Si uende kwa yule mzee wa Tanga, nyuma ya kisima? Wanarudi kwao.” Nikaenda jioni hiyohiyo. Mzee alikuwa barazani na redio.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umetumwa na nani?”

“Sijatumwa, mzee. Nimesikia mnauza nyumba.”

Alipunguza sauti ya redio, akatazama nyuma yangu, kulia na kushoto. “Dalali wako yuko wapi?”

Hapo ndipo nilipokisikia kimilikishi nilichokuwa nakitafuta, nacho kilitumika kwa mtu asiyekuwepo. Nilipomwambia sina, hakufurahi kama nilivyotegemea. Dalali anamchosha mwenye nyumba, lakini dalali ana kijiwe, ana mama yake mtaa wa pili, akileta tapeli anajulikana pa kutafutwa. Mimi nilikuwa mgeni mwenye maneno mengi. Ilichukua siku tatu za kunywa kahawa, imamu wa msikiti wa jirani aliyemfahamu mjomba wangu, na maelezo ya ukoo mpaka kwa babu wa babu, kabla mzee hajakubali kutaja bei. Kumbe dalali huuza na hicho pia, kule kujulikana kwake, na sijui cha kukiita.

“Mwenye nyumba ndiye wewe, mzee?” nilimuuliza, kwa kuwa nilishajifunza.

“Mwenye nyumba yuko jikoni.”

Nilidhani anatania. Mwenye, neno letu wenyewe, ni jepesi na pana kuliko kumiliki: mwenye nyumba ni anayekudai kodi, na ni yule ambaye bila yeye nyumba haina mtu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamjua aliye jikoni. Nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, awe ameandikwa kwenye hati au hakuandikwa. Wakili wangu (naam, wakili wangu) alikuwa na fomu ya ridhaa ya mwenza tayari. Mama aliisoma yote, akauliza kalamu iko wapi, kisha akasema akiitazama karatasi, hakunitazama mimi: “Nimeridhia. Sijaridhika.” Akatia saini. Nimesoma vitabu vya mnyambuliko wa vitenzi, na hakuna kilichowahi kunieleza tofauti ya viambishi hivyo viwili namna ile. Aliomba mlimao wa uani usikatwe.

Fedha ya kwanza mzee aliiita arbuni. Nilikuwa nimelisoma kamusini tu. Vijana wanasema kianzio au advansi. Ni neno kongwe kuliko Uswahili wenyewe, la wafanyabiashara wa bahari; Waebrania na Wagiriki wa kale walikuwa nalo kwa matamshi yao. Ni fedha ya kulishikilia neno la mtu lisitoroke. Mzee alilitamka kama mtu anayetaja jina la rafiki wa shule, nami nikamhesabia mbele ya wakili.

Kodi zilikuja na majina yao. Ushuru wa stempu ulipita bila mjadala. Kodi ya ongezeko la mtaji, inayotozwa kwenye faida aliyoipata muuzaji, ilimuudhi mzee kwa jina lake kuliko kwa kiasi. “Mtaji gani? Hili genge? Hii ni nyumba, nimezalia watoto humu.” Wakili alimweleza kwa upole. Alilipa, ila kwenye mazungumzo yetu iliendelea kuitwa kodi ya genge.

Kisha ukaja mkataba wenyewe, na juu yake: MKATABA WA MAUZIANO. Kwa nini isiwe mauzo? Uza, uzia, uziana, mauziano. Ukiisoma kauli ya kutendana kwa ukali, mimi namuuzia mzee na mzee ananiuzia mimi, jambo lisilokuwa kweli. Nyumba iliyopo ni moja. Lakini maharusi nao huoana, ingawa kwa sarufi ya zamani mume huoa na mke huolewa, na watu hukopeshana wakati aliyekopa ni mmoja. Ile -an- inahesabu watu kuliko matendo. Inadai wawili, kila mmoja amtazame mwenzake, na ukitafuta pa kumkalisha wa tatu humwoni pa kukaa. Nilimwonyesha wakili. Alisema kwake jambo la maana zaidi ni kwamba namba ya kiwanja imeandikwa sawa, na alikuwa na haki.

Hati ilikuwa ya miaka 33. Ishirini na minne ilishaliwa.

Wiki ya pili baada ya kuhamia, kijana aliyekaa siku zote chini ya mwembe wa njia panda alinisimamisha. “Mkuu, wewe ndiye umenunua kwa mzee?” Nikakubali. “Umeturuka, mkuu.” Alisema bila hasira, kama anayeniarifu kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Sikupata jibu. Nilimwambia karibu nyumbani, akasema atakuja.

Alikuja Jumamosi, na mimi na fundi tulikuwa tumeloa jasho. Ramani ilionyesha bikoni nne. Tatu tulizipata. Ya nne, upande wa bondeni, tulikuwa tumeichimbia mashimo matano, na mzee kwa simu kutoka Tanga alikuwa hakumbuki. Kijana alisimama nje ya uzio akitutazama kwa muda. Kisha akaruka, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye minyaa ya mpakani, mbali kabisa na tulipokuwa tunachimba, akaisukuma kando kwa mguu, akafukua udongo kwa kisigino. Saruji. Kichuma katikati.

“Hiyo hapo. Wanapima hapa nilikuwa mtoto, tulikuwa tunawashikia kamba.”

Akajipangusa mikono kwenye suruali, akamsalimia fundi kwa jina, akaruka uzio kurudi kwenye mwembe wake. Hela ya kuonyeshwa hakuitaja.